Picha za Kale za Mashairi ya Kipuuzi, Kasuku na Tamthilia: Mwongozo Kamili wa Kuzitambua, Kuzipakua na Kuzichapa Upya

Mwaka 1830 kijana wa miaka 18 aitwaye Edward Lear alipata ruhusa ya kuchora kasuku wa Shirika la Zuolojia la London wakiwa hai, ilhali wachoraji wengi wa ndege wa wakati ule walitazama ngozi zilizokaushwa na kujazwa pamba. Mtunzaji alimshika ndege, naye Lear akampima mabawa na miguu, kisha akamchora. Kazi hiyo ilitoka kwa mafungu hadi mwaka 1832 ikiwa na picha 42 za ukurasa mzima, kwa nakala 175 tu zilizokusudiwa kwa waliojiandikisha kuinunua. Mwaka 1846 mkono uleule ukatoa kitabu cha mashairi ya kipuuzi, yaani mashairi mafupi yenye vina na mapigo yaliyotulia lakini yenye mambo yasiyoingia akilini, na kila shairi likaambatana na kichoro cha haraka kinachofanana na cha mtoto. Katika kimojawapo, mzee mwenye ndevu nyingi analalamika kwamba bundi wawili, kuku mmoja, vipozamataza wanne na kandege kengine kadogo wamejenga viota humo ndevuni.

Nimeanza na Lear kwa sababu msomaji anayetafuta picha za kale za ndege wa nchi za mbali, za mashairi ya kipuuzi na za tamthilia kongwe, iwe ni kwa ukuta wa nyumba, kwa bango la mchezo wa shule au kwa kitabu cha watoto, atakutana na kosa moja katika nyanja zote tatu. Huchagua picha kwa uzuri wake kabla hajajua ilichapwa kwa njia gani. Njia ya uchapaji ndiyo inayoonyesha iwapo karatasi iliyo mkononi ni ya zamani kweli, faili ya namna gani inafaa kupakuliwa, isafishwe kwa kiasi gani na ichapwe kwenye karatasi ipi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia hapo, na hatua ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote.

Vifaa ni vichache: lenzi ya kukuzia mara 10, ya aina wanayotumia masonara, rula, taa ndogo inayoweza kumulika kutoka ubavuni, kompyuta yenye programu ya kuhariri picha, na GIMP inatosha, tena ni ya bure.

Hatua ya kwanza: itambue chapa kwa lenzi

Weka picha mezani, washa taa, kisha sogeza jicho hadi karibu kabisa na lenzi. Usitazame sura ya ndege wala ya mfalme. Tazama mahali ambapo rangi nyeusi inafifia kuelekea nyeupe, kwa kuwa hapo ndipo kila njia ya uchapaji hujisema.

Chapa ya jiwe, ambayo wataalamu huiita litografia, ndiyo aliyoitumia Lear kwa kasuku wake. Mchoraji huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa, jiwe hulowanishwa maji, na wino hushika penye mafuta tu. Chini ya lenzi utaona chembechembe zisizo na mpangilio, kama mstari wa chaki juu ya ukuta wenye chokaa. Lear alichora mwenyewe moja kwa moja juu ya jiwe, tena kwa kugeuza picha kulia-kushoto kama kwenye kioo, na mawe yakachapwa katika karakana ya Charles Hullmandel. Kwa kuwa kuyahifadhi kulikuwa ghali, picha zilifutwa baada ya nakala zinazohitajika kutoka. Rangi hazikutoka kwenye jiwe bali zilipakwa kwa brashi, nakala moja baada ya nyingine. Kwa hiyo katika nakala halisi rangi hukaa juu ya wino, huvuka mstari hapa na pale, na mahali pengine huonyesha ukingo mweusi kidogo ambapo tone la maji lilikaukia. Fuata bawa la kasuku mwekundu polepole kwa lenzi: ukikuta wekundu ni laini usio na chembe, na chini yake chembe nyeusi za chaki, unatazama jiwe na brashi.

Nakshi ya mbao ni tofauti kabisa. Fundi alichonga kipande cha mti mgumu upande wa kichwa chake, yaani pale ulipokatwa kukingama na nyuzi, akaondoa sehemu zitakazobaki nyeupe na kuacha mistari iliyoinuka, kisha ubao ukapangwa pamoja na herufi za risasi na kuchapwa kwa mashine moja. Hii ndiyo sababu vitabu vya karne ya 19 viliweza kuwa na picha katikati ya maneno kwa bei nafuu. Ndugu wa karakana ya Dalziel huko London walichonga michoro ya John Tenniel kwa hadithi za Alisi za Lewis Carroll, 42 katika kitabu cha mwaka 1865 na 50 katika kile cha mwaka 1871. Walichonga vilevile michoro ya Lear kwa toleo lililoongezwa la mwaka 1861, na mamia ya michoro ya John Gilbert kwa tamthilia za Shakespeare zilizotoka kati ya mwaka 1858 na 1860. Chini ya lenzi hakuna kijivu: kila mahali ni nyeusi kamili au nyeupe kamili, na kivuli hutokana na mistari inayonenepa na kukonda. Pindua karatasi uimulike kutoka ubavuni, na huenda ukaona mistari imeacha alama hafifu ya kubonyea nyuma. Katika picha kubwa tafuta ufa mwembamba mweupe unaokata mchoro wima au mlalo, kwa maana miti ya aina hiyo ni myembamba, na ubao mkubwa uliundwa kwa vipande vilivyounganishwa.

Msomaji atambue hapa kwamba picha za kitabu cha Lear cha mwaka 1846 ni chapa ya jiwe na za mwaka 1861 ni nakshi ya mbao, ingawa mzee ni yuleyule na ndevu ni zilezile. Mstari wa kwanza unatetemeka kama ulioandikwa kwa mkono. Wa pili umepita chini ya patasi ya fundi. Mimi huupenda ule unaotetemeka.

Nakshi ya shaba hujulikana kwa alama ya bamba, yaani mstatili uliobonyea kuizunguka picha, uliosababishwa na mashine kulikandamiza bamba la shaba juu ya karatasi yenye unyevu. Ukipitisha ncha ya kidole polepole pembezoni utausikia. Picha 435 za ndege za John James Audubon, zilizotoka kati ya mwaka 1827 na 1838 kwenye karatasi zenye urefu unaokaribia mita moja, zilichapwa hivyo, karibu zote na Robert Havell wa London, kisha zikapakwa rangi kwa mkono. Ukiinua karatasi yake kwenye mwanga utaona alama ya maji yenye jina la Whatman na mwaka. Michoro mikubwa ya Shakespeare iliyotokana na jumba la picha la John Boydell, lililofunguliwa London mwaka 1789, nayo ni ya shaba, lakini mingi imetiwa kivuli kwa vitone vidogo vilivyochomwa na mkono, ambavyo mtu asiye mzoefu huvichanganya na chapa ya kisasa.

Tofauti ni mpangilio. Vitone vya mkono hukaa ovyo kidogo na hufuata shavu au kidevu. Nukta za kamera, yaani za chapa ya kisasa inayoigawa picha kuwa nukta, hupangwa kwa safu zilizonyooka zenye nafasi sawa. Nukta hizo zilianza kuenea vitabuni mwishoni mwa karne ya 19, na ndizo zilizowezesha picha za rangi za Arthur Rackham kwa mchezo wa Shakespeare wa ndoto ya usiku wa kiangazi mwaka 1908, zilizochapwa kwenye karatasi laini ya kung'aa na kubandikwa ukurasani kwa ukingo mmoja tu. Katika Rackham nukta ni halali yake. Katika kasuku anayedaiwa kuwa wa mwaka 1832, nukta zilizojipanga kama vigae zinamaanisha kwamba umeshika nakala ya karne ya 20 au ya juzi.

Nilijifunza hayo kwa hasara. Muuzaji mmoja wa vitu vya kale aliniuzia tai wa Audubon akiwa ndani ya fremu, na kwa kuwa kioo kilikuwa kizito na karatasi imegeuka rangi ya chai sikuomba itolewe. Nyumbani nilipoweka lenzi kwenye jicho la tai nikakuta nukta nyekundu, njano, samawati na nyeusi zimejipanga kama maua ya kanga. Tangu siku hiyo sinunui kilichofungiwa kwenye fremu mpaka kifunguliwe.

Hatua ya pili: soma maandishi yaliyo chini ya picha

Vifupisho vya Kilatini pembezoni mwa picha hutaja nani alifanya nini. Neno "del." hufuata jina la aliyechora, "pinx." la aliyepaka mchoro wa asili, "sculp." au "sc." la aliyechonga, na "lith." la aliyeweka mchoro kwenye jiwe. Kwa kawaida mchoraji huwa kushoto na fundi kulia. Katika nakshi za mbao tafuta herufi zilizofichwa ndani ya mchoro wenyewe, kwa mfano herufi za Tenniel zilizofumwa pamoja kwenye kona, na jina Dalziel upande wa pili. Andika yote hayo, pamoja na mwaka na jina la mchapishaji kutoka ukurasa wa jina la kitabu, kabla ya kuendelea, kwa sababu hatua inayofuata inategemea mwaka wa kufa kwa kila mmoja wao.

Hatua ya tatu: hakikisha hakimiliki

Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 ziliweka ulinzi wa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha msanii. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya huhesabu miaka 70, na Marekani, kwa vitabu vya zamani, huhesabu miaka 95 tangu kuchapishwa. Kwa kuwa kitu kikiwekwa mtandaoni huvuka mipaka yote siku hiyohiyo, tumia miaka 70 kama kipimo chako hata ukiwa Mwanza au Nakuru, na kama unauza Marekani ongeza kile cha 95. Kwa kipimo cha miaka 70, Lear aliyefariki mwaka 1888, Gilbert mwaka 1897, Tenniel mwaka 1914 na Rackham mwaka 1939 wote wameshakuwa mali ya umma, na Edmund Dulac, aliyefariki mwaka 1953, aliingia Januari 1, 2024.

Mtego uko katika shairi la kale lenye picha mpya. Shairi refu la Carroll la mwaka 1876, lile la mabaharia wanaomsaka kiumbe asiyejulikana, ni huru, na michoro ya Henry Holiday ya mwaka huohuo ni huru. Lakini michoro ya Mervyn Peake ya mwaka 1941 kwa shairi hilohilo italindwa Uingereza hadi mwisho wa mwaka 2038, kwa kuwa Peake alifariki mwaka 1968. Mtego huo una upande wake wa pili, nao unatuhusu sisi. Kikundi kinachoigiza *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ya tamthilia ya Shakespeare, kinaweza kuchukua picha ya Gilbert bila ruhusa ya mtu, ilhali maneno ya tafsiri bado yana mwenyewe, kwa kuwa Mwalimu alifariki mwaka 1999.

Uhuru wa kisheria, hata hivyo, hauondoi wajibu wa kuchagua. Wachoraji wengi wa karne ya 19 walimpa Shylock, mkopeshaji Myahudi wa tamthilia hiyo, pua na mgongo wa kejeli waliyozoea kuwafanyia Wayahudi, na Othello, shujaa mweusi wa tamthilia nyingine ya Shakespeare, walimchora kila mmoja kwa dhana zake. Kabla ya kuiweka picha ya namna hiyo kwenye bango la shule, jiulize kama unataka kuibeba kejeli hiyo pamoja nayo.

Hatua ya nne: tafuta mahali panapofaa na upakue faili iliyo bora

Kwa ndege, anza na Biodiversity Heritage Library, maktaba ya pamoja ya vitabu vya viumbe hai ambamo kazi za John Gould, mchapishaji Mwingereza wa vitabu vya ndege, na wenzake zinafunguka ukurasa kwa ukurasa. Ukifika kwa Gould, kumbuka kwamba picha nyingi za mwanzo zilichorwa na kuwekwa kwenye jiwe na mkewe Elizabeth, na nyingine na Lear mwenyewe, kwa hiyo usiandike jina la Gould peke yake. Kwa tamthilia, nenda katika mkusanyiko wa picha wa Folger Shakespeare Library ya Washington, au katika Victorian Illustrated Shakespeare Archive, ambayo imekusanya zaidi ya michoro 3,000 kutoka matoleo makubwa ya wakati wa Malkia Victoria na kuipanga kwa mchezo na kwa mhusika. Kwa mashairi ya kipuuzi, Internet Archive ina skani za matoleo mbalimbali ya Lear na Carroll. Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York tangu mwaka 2017, na Smithsonian, taasisi ya majumba ya makumbusho ya Marekani, tangu mwaka 2020, yameachilia picha za vitu vingi bila masharti.

Usichukue PDF. Faili hiyo hubanwa ili ifunguke haraka, na mistari myembamba ya nakshi ya mbao huungana na kuwa tope. Katika Internet Archive fungua orodha ya faili zote, tafuta fungu la ZIP lenye picha za JP2, na utoe ukurasa unaouhitaji tu. Fungu lenyewe linaweza kuwa zito sana, kwa hiyo anayetumia bando la simu asubiri intaneti ya ofisini au ya maktaba. Epuka pia picha zilizozagaa bila chanzo: nyingi zimeshaongezewa rangi, zimekatwa pembezoni, na nyingine zimegeuzwa, hivi kwamba kasuku anatazama upande ambao Lear hakumwelekeza. Kisha soma masharti ya tovuti husika, kwa maana taasisi nyingine huomba zitajwe hata pale ambapo picha ni mali ya umma.

Hatua ya tano: hesabu pikseli kabla ya kuahidi ukubwa

Picha zenye vivuli na rangi, kama kasuku wa chapa ya jiwe, zinahitaji pikseli 300 kwa kila inchi. Kwa karatasi ya A4 hiyo ni pikseli 2480 kwa 3508, na kwa A3 ni 3508 kwa 4961. Mistari mitupu ya nakshi ya mbao haina kijivu cha kuficha kasoro, kwa hiyo hudai 600 kwa inchi: mchoro wa Tenniel utakaochapwa kwa upana wa sentimita 15 unahitaji pikseli zipatazo 3540 kwa upana. Ikiwa faili haifiki hapo, punguza ukubwa wa bango. Usiilazimishe programu kubuni pikseli, maana ule mstari uliotetemeka utageuka kuwa wa plastiki.

Hatua ya sita: safisha kwa kufuata chapa

Hifadhi kwanza faili ya asili bila kuigusa, kisha fanyia kazi nakala. Katika nakshi ya mbao unaweza kusukuma weupe hadi karatasi iwe nyeupe kabisa na weusi uwe mweusi kabisa, kwa sababu ndivyo ubao ulivyokusudiwa kuonekana. Ondoa vumbi, lakini uache ule ufa wa kiungo cha ubao. Kwa chapa ya jiwe iliyopakwa rangi fanya kinyume chake. Ukisukuma weupe, rangi za majimaji hupotea kwanza, manyoya ya shingoni hubaki mabaka, na ndege anaonekana kana kwamba amenyonyolewa. Acha rangi ya karatasi ibaki, rekebisha tu umanjano uliozidi, na futa madoa ya kahawia yaliyo nje ya ndege kabla ya kuyagusa yaliyo juu yake. Picha za nukta, kama za Rackham, zikipunguzwa ukubwa ovyo hutoa mawimbi ya ajabu. Zilainishe kidogo kabla ya kuzipunguza.

Ikiwa unaskani kitabu chako mwenyewe, weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa ili maneno ya upande wa pili yasipenye, na usikilazimishe kitabu kulala bapa hadi mshono wake ukatike.

Hatua ya saba: chapa

Mwambie mchapaji unataka karatasi isiyong'aa na isiyo na asidi, gramu 200 au zaidi kwa mita ya mraba, na wino wa chembe za rangi badala ya wino wa rangi iliyoyeyushwa, unaofifia upesi. Omba kipande cha majaribio cha upana wa kiganja, ukikate sehemu yenye kivuli kizito kuliko zote, na kitazame mchana dirishani. Ukikosa karatasi ya aina hiyo, karatasi nzito ya kawaida isiyong'aa ni bora kuliko ile ya kung'aa ya picha za harusi, ambayo humfanya kasuku wa mwaka 1832 afanane na tangazo la sabuni. Nyuma, kwa penseli, andika jina la mchoraji, fundi, kitabu, mwaka wa toleo na mwaka uliochapa nakala yako, ili mtu wa baadaye asije akauziwa kama mimi nilivyouziwa.

Hatua ya nane: itundike na kuitunza

Nakala halisi iliyopakwa rangi kwa mkono isimulikwe kwa zaidi ya luksi 50 hivi, ambao ni mwanga hafifu wa sebuleni, na isitazamane na dirisha. Usiioshe wala kuifuta kwa kitambaa chenye unyevu, kwani rangi yake ni ya majimaji. Selotepu ni adui: gundi yake hupenya karatasi na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Ishikize kwenye kadi isiyo na asidi kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, upande wa juu pekee, ili karatasi iweze kutanuka na kunywea bila kujikunja. Weka kadi nyingine yenye dirisha mbele yake, ili kioo kisiiguse.

Mtu anayeishi Mombasa, Unguja au Dar es Salaam ana kazi ya ziada. Ukungu huota kwa urahisi unyevu wa hewa unapozidi asilimia 65, na ukutani mwa chumba cha pwani hilo ni jambo la kila masika. Usitundike kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Bandika vipande vinne vya kizibo nyuma ya fremu, kimoja kila kona, ili hewa ipite kati yake na ukuta, na ifungue mara mbili kwa mwaka utazame ukingo wa chini, ambako wadudu wala karatasi huanzia.